Risasi Katika Udongo wa Bustani Zetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa reli, Mombasa. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamuni.)



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za ziada, nyumba na likizo. Leo Kamati imetupa ruhusa kusema juu ya udongo. Ndugu mmoja ameuliza, "Chama cha wafanyi kazi na udongo, wapi na wapi?" Swali lake ni la haki, nasi twataka kulijibu kabla ya kwenda mbele. Mfanyi kazi wa reli hupokea mshahara mwisho wa mwezi, na mshahara huo hauuoni mwisho wa mwezi wa pili. Kwa hiyo wengi wetu tumelima vibustani nyuma ya nyumba na kando ya njia ya reli: mchicha, sukuma wiki, kunde, bamia, na mashina machache ya mihogo. Mboga hiyo ndiyo nyongeza ya mshahara ambayo hatukupewa na tajiri. Basi kama udongo una sumu, nyongeza tuliyojipa wenyewe imegeuka deni, na watakaolilipa ni watoto. Hapo ndipo Chama kinapoingia.

Sisi hatukusoma kemia. Wengi wetu tulitoka shule ya misheni tukijua kusoma, kuandika na kuhesabu, tukaenda kutafuta kazi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kubeba betri ya gari aweza kulifahamu jambo hili, nasi tutalieleza kwa maneno ya kazini.

MADINI MAZITO NI NINI

Wataalamu huita madini mazito vitu kama risasi, kadimi, zebaki na kromi. Risasi ni ile ya bunduki, lakini pia ni ile ya chubwi inayozamisha mshipi wa mvuvi, na ile iliyomo ndani ya betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Huyeyuka kwa joto la digrii 327, joto ambalo hata jiko la makaa laweza kulifikia likipulizwa vizuri. Ndiyo sababu mtu yeyote mwenye sufuria kuukuu aweza kujifanya fundi wa kuiyeyusha uani kwake, akapumua moshi wake, na vumbi lake likaanguka pale pale watoto wanapocheza.

Mambo mawili huyatenga madini haya na uchafu mwingine. La kwanza, hayaozi. Ganda la ndizi likitupwa shambani litakuwa mbolea. Hata mafuta ya injini yakimwagika, vijidudu vya udongoni huyala kidogo kidogo. Risasi haina kinachoila. Iliyoanguka juu ya udongo miaka 30 iliyopita ingali pale, mara nyingi katika inchi chache za juu, na hapo ndipo jembe linapofika.

La pili, hujikusanya. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili wa mtu ndio kibaba chenyewe. Risasi ikiingia katika damu, sehemu yake hutoka kwa mkojo, na sehemu huenda kukaa katika mifupa na meno kwa miaka mingi. Mama akichukua mimba, ile iliyokaa mifupani mwake tangu ujana yaweza kurudi katika damu ikamfikia mtoto tumboni.

Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtu mzima na mtoto mdogo wakimeza risasi kiasi kile kile, mwili wa mtoto waweza kuchukua mara 4 au 5 zaidi. Humpunguzia damu, humwumiza tumbo, na lililo baya zaidi, humharibia ubongo ambao ungali wakua. Akifika shule mwalimu husema mtoto huyu ni mzito wa kufahamu, na mzazi humchapa kwa uvivu ambao si uvivu. Mtu mzima naye hupata maumivu ya kichwa na viungo, shinikizo la damu, na ugonjwa wa figo.

JINSI INAVYOFIKA UDONGONI

Njia ya kwanza ilikuwa petroli. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi ili injini zisigonge, na kila gari lililopita liliitoa kwa moshi. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Moshi ule umekwisha, lakini vumbi lililoanguka kando ya barabara kubwa halikuondoka pamoja na moshi.

Njia ya pili ni rangi. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile nyekundu za kuzuia kutu juu ya vyuma na madaraja, zilitiwa risasi. Anayekwangua rangi kama hiyo bila kutandaza turubai chini yake huipanda katika udongo kama mtu apandaye mtama.

Njia ya tatu ni majaa. Sote twaikumbuka Kibarani, hapo mtu anapokaribia kuvuka kuingia kisiwani. Kwa miaka mingi taka za mji zilirundikwa ukingoni mwa maji ya Makupa: betri za redio, makopo ya rangi, taa, vyombo vya umeme vilivyokufa. Jaa lile lilifungwa mwaka 2018, likafunikwa udongo, pakapandwa nyasi na miti. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa, na maji ya bahari yakapata njia tena palipokuwa na tuta la barabara. Haya ni mambo mema, nasi twayashukuru. Lakini kufunika si kuondoa. Huko Nairobi, mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza habari za watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa kuwa cha hatari au kukipita, na udongo wa mahali pale ulikuwa na madini mazito kuliko inavyofaa.

Njia ya nne ni betri za magari, na juu ya hiyo hatuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta mfano.

HABARI YA OWINO UHURU

Ukivuka Makupa, ukapita Changamwe kwenda upande wa Mikindani, utafika kijiji cha Owino Uhuru. Ni mahali pa vibarua na wachuuzi, watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ubavuni mwa nyumba zao, ukuta kwa ukuta, kikivunja na kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi ya kuuza nchi za nje. Kilikuwa cha kampuni iitwayo Kenya Metal Refineries EPZ. Moshi ulitua juu ya mabati, na maji machafu yakapita katika vichochoro vya kijiji.

Mwaka 2009 kiwanda kile kilimwajiri Bi. Phyllis Omido kazi ya ofisini. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa magonjwa haya na haya bila kupona, hata damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Bi. Omido aliacha kazi. Kisha akafanya jambo ambalo twaomba kila mmoja wetu alikumbuke: aliwapeleka watoto wengine wa kijiji wapimwe pia, nao wakaonekana wana risasi. Tangu siku ile ugonjwa wa mtoto mmoja ukawa shauri la kijiji kizima. Waliandika barua, wakaandamana. Mwaka 2012 yeye alikamatwa na kushtakiwa, na baadaye mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 yeye alipewa Tuzo ya Goldman, inayotolewa kwa watu wanaotetea mazingira.

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016. Walieleza juu ya vifo, mimba zilizoharibika, na watoto wagonjwa. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi 1,300,000,000. Tena ikaamuru udongo usafishwe katika miezi 4, la sivyo zitolewe shilingi 700,000,000 za kuusafisha. Miongoni mwa waliohukumiwa ilikuwamo mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, NEMA, kwa sababu mwenye kupewa kazi ya kulinda hawezi kusema hakuona. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitangua fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ndugu, hebu hesabuni miaka. Kiwanda kilifanya kazi kama miaka 7. Kutoka kufungwa kwake hata neno la mwisho la mahakama ilipita miaka 10 na zaidi. Wakati huo wote udongo haukungoja hukumu. Watafiti waliulinganisha udongo wa Owino Uhuru na ule wa mtaa wa jirani uitwao Bangladesh, wakatangaza mwaka 2018 kwamba risasi ya Owino Uhuru ilikuwa zaidi ya mara 10. Katika damu ya watoto ilikuwa mara mbili. Mitaa hiyo miwili ni ya watu wa hali moja, mvua moja na jua moja. Kilichoitenga ni kile kiwanda.

Tena tukumbuke kwamba walioanza kupumua sumu ile walikuwa wafanyi kazi. Waliivuta puani zamu nzima, wakaibeba katika nguo na nywele, wakaifikisha nyumbani. Mtoto wa mfanyi kazi hupokea risasi mara mbili: ile ya udongo wa mtaa, na ile inayotoka katika shati la baba.

KISIWA NA BARA

Wenzetu wa Mji wa Kale wasije wakasema, "Hayo ni mambo ya bara. Sisi huku tuna mawe na baraza, shamba hatuna." Ni kweli kwamba Mji wa Kale hauna mashamba. Lakini betri ya tuk-tuk, ya gari la abiria, au ya mashua yenye mashini, ikifa kisiwani huuzwa kwa uzito, na mara nyingi huvushwa bara kwenda kuvunjwa. Na mboga ipikwayo Kibokoni hununuliwa Marikiti au Kongowea, na nyingi imetoka bara alfajiri ile ile. Betri huenda, mboga huja. Mchuma janga hula na wa kwao.

Twawaambia wavuvi wetu pia: anayeyeyusha risasi ya betri nyumbani kutengeneza chubwi, aache kufanya hivyo jikoni na uani. Moshi wake hauna harufu ya kumtisha mtu, na ndiyo maana ni mbaya.

MCHICHA ULIONAWIRI

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Kiko kipande cha ardhi kando ya njia ya reli ambacho jamaa kadhaa za wanachama hulima. Nyuma ya ukuta wake mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu alivunja betri kwa muda, akimwaga maji yake mtaroni, kisha akahama. Jina lake hatulitaji, wala hatukuja hapa kumshtaki mtu. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro ule hufurika na kuingia bustanini. Mama wanaolima pale wametuuliza maswali mawili, nasi tutawajibu mbele ya mkutano.

Swali la kwanza: "Kama udongo una sumu, mbona mchicha wetu umenawiri hivi?" Jibu ni kwamba jani halisemi. Risasi nyingi hushikamana na chembe za udongo, na mmea hauinyonyi sana. Hatari yake kubwa ni vumbi lililolala juu ya majani, na udongo ulioganda juu ya mihogo, viazi na karoti. Kadimi ni kinyume chake. Hupanda kwa wepesi katika mizizi hata majanini, na mboga za majani ndizo huichukua sana. Katika mambo yote mawili rangi ya jani haibadiliki, wala ladha. Kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto hauunguzi madini. Kuosha kwa maji mengi huondoa vumbi la juu, lakini hakuondoi kilicho ndani ya jani.

Asili ya udongo nayo ina kazi. Udongo mkali, yaani wenye asidi, huyalegeza madini haya mmea uyanywe. Udongo wenye chokaa huyafunga. Hapa kisiwani tuna bahati kidogo, kwa kuwa tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na chokaa ya matumbawe ndiyo iliyopakwa kuta za Mji wa Kale. Lakini maji ya betri ni asidi kali. Yakimwagwa huila ile chokaa, na katika tone lile lile yameleta risasi. Ni mwizi avunjaye kufuli na kuingiza mwenzake.

Wako waliotangulia kuonja haya. Huko Japani, katika jimbo la Toyama, mgodi wa Kamioka ulimwaga kadimi katika mto Jinzu, na wakulima walinyweshea mpunga kwa maji ya mto huo. Walaji wa mchele ule, hasa kina mama wa makamo, mifupa yao ililainika ikavunjika kwa jambo dogo tu. Ugonjwa wao uliitwa itai-itai, maana yake "yauma, yauma." Serikali ya Japani iliukubali rasmi mwaka 1968 kuwa ulitokana na kadimi ya mgodi. Kazi ya kubadilisha udongo wa mashamba yale ilichukua zaidi ya miaka 30, ikamalizika mwaka 2012. Hiyo ni nchi tajiri.

Tena kuna Kabwe katika Zambia, mji wa reli kama wetu, maana ndipo yalipo makao makuu ya Reli ya Zambia. Mgodi wake wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi la mgodi limebaki katika nyua za mitaa iliyo karibu, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa wamepatikana na risasi nyingi katika damu. Wenzetu wa reli wanakaa katika mji ule.

TUNG'OE AU TUSING'OE?

Hilo ndilo swali la pili la mama zetu, na ndilo gumu. Mboga ile haiendi chunguni peke yake. Nyingine huuzwa, ikalipa karo na mafuta ya taa. Kumwambia mtu ang'oe leo, bila kujua udongo una nini, ni kumnyang'anya riziki kwa kubahatisha. Kumwambia aendelee, bila kujua, ni kumchezea mtoto wake bahati nasibu. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba tupime kwanza, na wakati tunangoja majibu tusiilishe nyumba mboga ya kipande kile, wala tusiiuze. Asiyeila mboga kwa kuiogopa, kisha akampelekea jirani sokoni, amefanya lile lile alilofanya mvunja betri.

Tunajua iko hofu nyingine, ambayo husemwa chini chini. Wengine wasema, "Tukiuliza habari ya udongo, jibu litakuwa tingatinga. Watasema ardhi ina sumu, watatung'oa, na mwaka ujao patakuwa na ghala la mtu." Hofu hiyo ina msingi, nasi hatuidharau. Lakini kunyamaza hakutalinda bustani ile, kutalinda siri tu, na siri ya namna hii hukaa katika mifupa ya watoto. Dawa ya tingatinga ni kwenda pamoja, na madai yaliyoandikwa, ili atakayetutoa katika udongo mchafu afungwe na sharti la kutupa ulio safi.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya tajiri na serikali kuja, yapo yaliyo mikononi mwetu:

Usilime karibu na barabara kubwa, ukuta wenye rangi kuukuu inayobanduka, au mahali palipochomwa taka. Kama huna mahali pengine, panda mboga katika magunia au ndani ya tuta lililoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi.

Mahali pa mashaka, mmea wa tunda kama bamia, nyanya au papai ni afadhali kuliko wa majani, na wa majani ukiwa umeoshwa vizuri ni afadhali kuliko mzizi usiomenywa.

Tia samadi na mboji kwa wingi, na chokaa pale ambapo udongo ni mkali. Haviondoi madini, lakini huyafunga. Funika ardhi tupu kwa nyasi ili vumbi lisiruke.

Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Wapate chakula chenye madini ya chuma na chokaa, kama maharagwe, dagaa na maziwa, maana tumbo lisilo na chakula hicho huipokea risasi kwa pupa.

Mfanyi kazi wa betri au wa rangi avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe mbali na za jamaa.

WENZETU WA VYUMA CHAKAVU

Mtu asitoke hapa akaenda kumzomea kijana mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Naye ni mfanyi kazi, tena asiye na chama, asiye na glavu, na anayelala karibu na mzigo wake. Betri kuukuu ni mali, na risasi yake yaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena na tena. Ubaya uko katika kuivunja kwa panga uani na kumwaga maji yake mtaroni. Betri nzima, iliyosimama wima, isiyovunjwa, ikaenda mahali penye leseni na mitambo ya kuzuia moshi, haimdhuru mtu. Tukiuza yetu ikiwa nzima, na tukimwambia kijana yule sababu yake, tumemsaidia yeye kuliko kumfukuza.

MADAI YA CHAMA

Januari 1947, zaidi ya wafanyi kazi 15,000 wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine, waliweka chini vyombo vyao kwa siku zipatazo 12. Walikutana kila siku katika kiwanja walichokiita Kiembeni, na kiongozi wao mmoja aliyejulikana sana alikuwa Chege Kibachia. Walidai mshahara wa kumtosha mtu na mahali pa kukaa panapomfaa mtu. Sisi twasema mahali pa kukaa si kuta na bati peke yake, bali pia ule udongo mtoto anapotambaa. Hatudai jambo geni. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamfunga tajiri kulinda afya ya wanaomfanyia kazi.

Basi twaiomba Kamati ipeleke madai haya sita:

1. Udongo wa bustani zote zilizo katika ardhi ya reli na nyuma ya nyumba za wafanyi kazi upimwe na maabara ya serikali, na majibu yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili, mahali kila mtu aweza kuyasoma.

2. Kila betri itokayo karakana ihesabiwe, itoke ikiwa nzima, na iuzwe kwa mwenye leseni tu, kwa risiti.

3. Wanaokwangua rangi kuukuu wapewe turubai, maji ya kuloweshea, na vifuniko vya pua vinavyofaa kazi hiyo, si kitambaa.

4. Pawe na mahali pa kuoga na kubadili nguo, na nguo za kazi zifuliwe kwa gharama ya tajiri.

5. Wafanyi kazi wa betri na rangi wapimwe damu kila mwaka. Majibu apewe mwenyewe mkononi, na asifukuzwe kazi kwa sababu yake, bali ahamishwe kazi kwa mshahara ule ule.

6. Bustani yoyote itakayoonekana ina sumu, mwenye kuilima apewe kwanza mahali pengine safi, ndipo ile ya zamani ifungwe.

Hili la sita twawaomba mlishike kwa mikono miwili. Matano ya kwanza tajiri aweza kuyakubali kwa barua nzuri. La sita ndilo litakaloonyesha kama anatutaka tupone au anataka tu kiwanja chake.

Kazi haingoji barua kujibiwa. Jumamosi hii, kila mwenye bustani alete udongo. Chukua kutoka mahali 5 mbalimbali, uchimbe kadiri ya urefu wa kiganja, uchanganye katika ndoo safi ya plastiki, uanike kivulini, utie nusu kilo katika mfuko, na uandike juu yake jina lako na mahali ulipouchimba. Waliozoea kuandika watawasaidia wasiozoea. Gharama ya kupima tutachanga kwa pamoja, na mwenye bustani ndogo atahesabiwa sawa na mwenye kubwa. Wazazi wa watoto wanaocheza katika kile kipande tulichokitaja wawapeleke kwa daktari wamwambie wazi habari ya betri, kwa sababu daktari asiyeambiwa atatafuta malaria.

Bwana Mwenyekiti, twaomba madai haya yapigiwe kura kabla ya zamu ya usiku kuondoka, na mama wanaolima, ijapokuwa hawana kadi za Chama, waruhusiwe kusema kabla ya mikono kuinuliwa. Wao ndio wanaoujua udongo ule kuliko sisi sote.